Usiulize Wati Peke Yake: Amplifaya kwa Spika Bapa

Leo nazungumza na wapenzi wa muziki, hasa wale wasiotosheka na mdundo peke yake. Wale wanaotaka kumsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, na kusikia kidole kikiteleza juu ya uzi wa udi.

Nianze na swali. Kwa nini amplifaya inayopiga vizuri kabisa na spika za kawaida za boksi, ukiihamishia kwenye spika bapa inachemka, inajizima, au inatoa sauti iliyokauka? Na kwa nini amplifaya nyingine, yenye wati chache zaidi kwenye karatasi, inaziimbisha spika hizo hizo bila tabu? Jibu nalitoa mapema, maana ndilo nitakalolirudia jioni hii: wati zilizoandikwa kwenye boksi hazitoshi. Uliza kwanza spika inadai nini. Kisha tafuta amplifaya inayoweza kulipa deni hilo.

Sasa, spika bapa ni nini? Spika uliyoizoea ina koni ya karatasi au ya plastiki. Nyuma ya koni kuna koili ya waya iliyokaa ndani ya sumaku, na vyote vimefungwa kwenye boksi la mbao. Spika bapa haina koni, na nyingi hazina boksi. Ina utando mpana, mara nyingi wa plastiki, mwembamba kuliko mfuko wa nailoni, uliowambwa kwenye fremu. Umeme wa muziki ukifika, utando wote hutikisika, na hewa ya mbele na ya nyuma hutikisika pamoja nao. Baadhi ya spika hizi zina kimo cha mtu mzima lakini unene wake ni wa vidole vichache tu.

Watu huzipendea nini? Utando ni mwepesi mno, kwa hiyo huanza upesi na kunyamaza upesi. Hakuna boksi la kuvuma. Sauti ya mwimbaji hukaa mahali pake katikati ya chumba, na ala moja haimezi nyingine. Mimi binafsi sijasikia namna nyingine ya spika inayoitendea haki sauti ya mwanadamu kiasi hicho, na ndiyo maana naona zinastahili tabu nitakayoieleza.

Tabu yenyewe iko kwenye umeme. Twende polepole hapa, kwa sababu ukilielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi.

Fikiria tangi la maji lililo juu ya paa. Kimo cha tangi ndiyo volti: ndicho kinachoyasukuma maji. Maji yanayopita ndiyo mkondo wa umeme, unaopimwa kwa ampia. Na wembamba wa bomba ndio ukinzani, unaopimwa kwa omu. Bomba jembamba lina omu nyingi, na maji ni machache. Bomba pana lina omu chache, na maji ni mengi. Sasa fungua bomba pana kabisa. Kama tangi ni kubwa na linajazwa upesi, maji yataendelea kutoka kwa nguvu ile ile. Kama tangi ni dogo, muda si muda msukumo umekwisha. Amplifaya ndiyo tangi, na spika ndiyo bomba.

Tuliweke hilo kwenye hesabu ndogo, moja tu, kisha tuendelee. Chukua volti 20. Kwenye spika ya omu 8 zinapitisha ampia 2 na nusu, nayo nguvu ni wati 50. Volti hizo hizo kwenye spika ya omu 4 zinadai ampia 5, yaani wati 100. Kwenye spika ya omu 1 zinadai ampia 20, na nguvu ni wati 400. Umeona? Volti hazikubadilika, na kitufe cha sauti hukukigusa. Kilichobadilika ni spika. Na ampia 20 si mchezo. Pasi ya nguo ya nyumbani kwako kwa kawaida haifikii hata 10.

Kwa hiyo, mtu akikuambia amplifaya yake ni ya wati 100, swali la kwanza ni hili: wati 100 kwenye omu ngapi? Na swali la pili: omu zikipungua, amplifaya inaendelea kutoa, au inakata tamaa?

Sasa tuzitazame spika bapa tatu, kila moja na deni lake. Kwa ya kwanza nakupeleka Uingereza, katika mji wa Huntingdon. Huko ndiko ilikokuwa kampuni ya Peter Walker, iliyotengeneza vyombo vya Quad. Mwaka 1957 walianza kuuza spika ya umeme tuli, ya kwanza ya namna yake kutengenezwa kiwandani ikiwa inabeba muziki mzima, kuanzia besi hadi sauti nyembamba. Umeme tuli unaujua: ndio ule unaosimamisha nywele kavu ukizichana kwa chanuo la plastiki. Ndani ya spika hii utando hupewa chaji ya maelfu ya volti, zipatazo 6,000 kwenye sehemu ya besi, nao husimama kati ya bamba mbili zenye matundu. Muziki ukipita kwenye bamba hizo, utando huvutwa huku na kusukumwa kule.

Spika hii inadai nini? Haidai nguvu nyingi. Inadai utulivu. Tabia yake ni ya kapasita: kadiri sauti inavyozidi kuwa nyembamba, ndivyo ukinzani unavyoshuka. Kwenye sauti za chini ukinzani ni mkubwa, omu nyingi kuliko spika ya kawaida. Kwenye sauti nyembamba kabisa hushuka hadi karibu omu 2. Tena mkondo na volti haviendi kwa hatua moja. Kimoja hutangulia kingine. Amplifaya isiyoundwa kwa uangalifu hupokea mzigo kama huo na kuanza kutetemeka yenyewe, kwenye masafa ambayo sikio la mtu haliyasikii, mpaka transista zinaungua. Mwenye nyumba hasikii kitu. Ananusa tu moshi.

Na Walker mwenyewe alitumia amplifaya gani? Alikuwa nayo Quad II, ya valvu zile za kioo, iliyotoka 1953. Wati zake ni 15. Narudia, msikilizaji: wati 15, na kwa spika ile zinatosha kujaza sebule. Mwaka 1967 ikaja Quad 303 ya transista, wati 45, nayo ikaheshimu mipaka ya spika. Maana mipaka ipo, na ni mikali. Ukiipa Quad ya zamani volti nyingi mno, cheche huruka ndani yake na kutoboa utando. Ndiyo sababu Quad 405 ya mwaka 1975, yenye wati 100, ilihitaji kuwekewa kidhibiti ilipotumiwa na spika hizo. Spika iliyofuata, ESL-63, iliyofika sokoni mwaka 1981, ilikuja na ulinzi wake humo humo ndani.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wamesikia kwamba spika bapa ni ngumu kuendeshwa, wanakwenda kutafuta amplifaya kubwa kuliko zote sokoni, wanaifunga kwenye Quad ya mwaka 1957, na jioni moja ya muziki inatosha kuiua. Kwa spika hii, ukubwa ni hatari.

Sasa tuvuke Atlantiki hadi Marekani, jimbo la Minnesota, mji wa White Bear Lake. Jim Winey alikuwa mhandisi wa kampuni ya 3M. Aliipenda sauti ya spika za umeme tuli, akataka kuipata kwa njia ya sumaku, bila yale maelfu ya volti. Alibandika nyaya kwenye utando wa plastiki na kupanga safu za sumaku bapa karibu yake. Mwaka 1969 akaanzisha kampuni ya Magnepan, ambayo spika zake zimeingia katika nyumba nyingi za watu wa kipato cha kawaida huko Marekani. Mwaka 2019 walitoa jozi ndogo iitwayo LRS kwa dola 650 za Marekani. Kwa spika za daraja hilo, hiyo ilikuwa bei ya huruma.

Spika ya Magnepan inadai nini? Kwa tabia, ni mpole. Ukinzani wake uko karibu na omu 4, na haupandi wala kushuka sana. Hauna vituko vya kapasita. Amplifaya nzuri haitishwi nayo hata kidogo. Basi kwa nini wanaiita ngumu? Kwa sababu ina njaa. Katika spika ya kawaida koili imebanwa ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku, na sumaku inaikamata barabara. Katika spika bapa nyaya zimetandazwa juu ya eneo pana, na nguvu ya sumaku inazifikia kwa udhaifu zaidi. Sehemu kubwa ya umeme unaoupeleka huishia kuwa joto, na kidogo tu ndicho kinachogeuka sauti.

Na kuna mtego kwenye karatasi ya maelezo, usikilize vizuri. LRS imeandikwa desibeli 86, kipimo cha ukubwa wa sauti inayoitoa. Ukisoma harakaharaka utasema si mbaya, inakaribiana na spika za boksi. Lakini kipimo hicho kimechukuliwa kwa volti 2.83, ambazo kwenye omu 8 ni wati 1, na kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa wati 1 halisi unabaki na desibeli 83. Na kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Spika ya boksi inayotoa desibeli 89 kwa wati 1 inahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na hii ili sauti zilingane.

Tuseme uko nyumbani usiku, muziki umetulia, mwimbaji na udi. Amplifaya inatumia wati 1 au chini ya hapo. Mara ngoma inaingia, na kishindo chake kinapanda desibeli 20 juu ya pale mlipokuwa. Desibeli 20 ni nguvu mara 100. Kwa kufumba na kufumbua amplifaya inadaiwa wati 100, na kwenye omu 4, pamoja na mkondo wake wote. Ikiwa nazo, unasikia ngoma. Ikiwa haina, kilele cha wimbi kinakatwa, na unasikia ukali unaochoma sikio. Halafu mwenye spika anasema, hizi spika hazina besi, hizi spika zina sauti kali. Spika haina kosa. Iliomba chakula, haikupewa.

Je, amplifaya za valvu haziwezi kazi hii? Zinaweza. Kampuni ya Audio Research, aliyoianzisha William Z. Johnson mjini Minneapolis mwaka 1970, ilikuwa msambazaji wa spika za Winey katika miaka ya mwanzo, na sifa yake ilijengwa kwa amplifaya za valvu. Amplifaya ya valvu ina transfoma ya kutolea, na nyuma yake huwa na sehemu za kufungia nyaya zilizoandikwa omu 4, 8, na wakati mwingine 16. Spika ya omu 4 ifunge penye omu 4. Lakini amplifaya ndogo zile za wati 8, zenye valvu moja ya kutolea kila upande, zipelekee spika za honi, zisizodai nguvu nyingi. Kwa Magnepan hazitoshi.

Sasa nimebakiza ile ngumu kuliko zote. Jimbo la Massachusetts, miaka ya 1980, kampuni ya Apogee ya Jason Bloom na Leo Spiegel. Hawa walitengeneza spika za ukanda wa alumini. Si waya uliobandikwa kwenye plastiki tena; ni ukanda wa metali wenyewe unaopitisha umeme na kutikisa hewa. Ukanda wa alumini hauna ukinzani wa kutosha kuuzuia umeme, na spika yao iitwayo Scintilla ikatoka na omu 1. Hebu kumbuka hesabu yetu ya volti 20 na ampia zake 20, kisha fikiria amplifaya za nyakati zile, nyingi zikiwa zimeundwa kwa omu 8, pengine 4. Zilizimika, zilikata fyuzi, na nyingine ziliungua.

Aliyenufaika na hali hiyo ni Dan D'Agostino, mwanzilishi wa kampuni ya Krell, iliyoanza mwaka 1980 huko Connecticut. Amplifaya zake zilikuwa na transfoma kubwa mno na transista nyingi kuliko ilivyokuwa desturi, ili kila ukinzani unapopungua nusu, nguvu iongezeke karibu maradufu. Apogee walihitaji amplifaya isiyochoka, Krell walihitaji spika itakayoonyesha kwamba hawachoki. Majina hayo mawili yakawa yanatajwa pamoja miaka mingi. Apogee ilifunga milango mwishoni mwa miaka ya 1990, ila spika zake bado zinauzwa mkono kwa mkono na kutunzwa na wapenzi wake. Jambo moja tu la kuangalia: amplifaya za Krell za wakati ule zilipitisha mkondo mwingi hata muziki ukiwa kimya, kwa hiyo zilichemka saa zote. Kama unaishi Mombasa au Dar es Salaam, chombo kama hicho kinataka nafasi ya hewa pande zote, wala si kabati lenye milango.

Sasa tazama, mpenzi msikilizaji. Tumetembelea spika tatu, na zote zinaitwa spika bapa. Moja inadai utulivu na inaogopa nguvu. Moja ni mpole lakini ina njaa. Moja inadai mkondo kupita kiasi. Ukimwuliza muuzaji tu, "Nipe amplifaya ya spika bapa," bado hujauliza kitu. Taja spika. Taja omu zake. Ndipo mazungumzo yaanze.

Na ukiwa dukani uangalie nini? Mwanzo kabisa, yale maandishi ya PMPO, yaani wati za matangazo, wati 3,000, wati 5,000, yaliyobandikwa kwenye sabufa, yapuuze kabisa. Geuza chombo, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha kinachukua wati ngapi kutoka ukutani. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kukutolea 5,000. Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani serikali ililazimika kuweka kanuni mwaka 1974 kuhusu namna ya kutangaza nguvu za amplifaya, kwa sababu wauzaji walikuwa wamezidisha.

Halafu tafuta namba mbili: wati kwenye omu 8, na wati kwenye omu 4. Ikiwa ya pili ni karibu maradufu ya ya kwanza, hiyo amplifaya ina kifua. Ikiwa imeongezeka kidogo tu, tahadhari. Ikiwa omu 4 hazikutajwa popote, usiipeleke kwa Magnepan. Inyanyue pia. Transfoma kubwa ina uzito, na ingawa kuna amplifaya za siku hizi zilizo nyepesi na zenye nguvu ya kweli, katika vyombo vya zamani uzito haudanganyi.

Risiva za sinema ya nyumbani mara nyingine zina swichi nyuma iliyoandikwa omu 4. Wengi hudhani swichi hiyo inaongeza uwezo. Kwa kawaida inapunguza volti ili chombo kisichemke, yaani inakupunguzia nguvu pale pale unapoihitaji.

Kuna pia kosa ambalo mafundi wetu wazuri kabisa hulifanya kwa nia njema. Amplifaya ina pande mbili, kushoto na kulia, na baadhi zina swichi ya kuziunganisha ziwe upande mmoja wenye nguvu zaidi. Ukifanya hivyo, kila nusu ya amplifaya inaiona spika kana kwamba omu zake zimepungua nusu. Omu 4 zinakuwa 2. Usifanye hivyo kwa spika bapa isipokuwa kitabu cha amplifaya kinataja wazi omu 4 katika hali hiyo. Na usifunge jozi mbili za spika za omu 4 kwenye matundu yale yale. Hapo pia unabaki na omu 2.

Nyaya ziwe nene na fupi, hilo halihitaji hotuba. Spika iwe mbali kidogo na ukuta wa nyuma, kama mita moja, kwa sababu inatoa sauti mbele na nyuma. Na kama ndugu yako amekutumia amplifaya kutoka Marekani, kumbuka ile ni ya volti 120, na ukutani kwako kuna 230 au zaidi. Usiichomeke kabla ya kupata transfoma ya kushusha inayotosha.

Msikilizaji mwenye Quad ya zamani, nina neno lako maalumu. Spika yako inachomekwa ukutani, na ndani yake mna maelfu ya volti niliyoyataja. Chaji hiyo inaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Usiifungue mwenyewe, wala usimruhusu kijana wa mtaani aifungue kwa bisibisi. Na kwa nyumba za pwani, vumbi na unyevu wa bahari ni adui wa spika za umeme tuli; zifunike zinapokuwa hazitumiki.

Muda umeniishia. Kabla hujalipa hata shilingi moja, mwombe muuzaji afunge amplifaya hiyo kwenye spika utakazotumia, au nyingine zenye omu kama zako, na aipige nusu saa kwa sauti unayoipenda wewe. Kisha iguse kwa mkono uone kama imepata joto kupita kiasi, na usikilize kama ngoma bado ni ngoma. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwachie mali yake.